Je, Matairi ya Trela Yabadilishwe Kabla ya Safari ya Kidepo?

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo sipo barabarani. Nimechuchumaa nyuma ya nyumba yangu hapa Kampala, tochi mkononi, mbele ya tairi la trela yetu ya kulala, kwa sababu wiki ijayo familia inafunga safari ya Kidepo, ile mbuga ya wanyama iliyoko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na lile swali ambalo wengi wenu huniuliza sasa limenigeukia mimi mwenyewe: matairi haya yaende, au yabadilishwe kwanza?

Nisiwachoshe. Nimeamua kuyabadilisha yote matatu, la akiba likiwemo. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa kuwa ukiyatazama kwa mbali huoni kasoro yoyote. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, bado zina kina cha zaidi ya milimita sita, ilhali kipimo cha chini kinachotumika katika nchi nyingi ni milimita 1.6 tu. Fundi wa pancha wa Ndeeba, ambaye amekuwa akinihudumia miaka yote, aliyapapasa akacheka: "Ssebo, haya bado mapya kabisa. Pesa zimekuzidi?" Fundi huyo namheshimu, na lingekuwa tairi la gari ningemsikiliza bila ubishi. Lakini tairi la gari aghalabu hufa kwa kuisha, na la trela hufa kwa uzee. Trela yangu husafiri mara tatu au nne kwa mwaka. Siku zilizobaki imesimama juani, uzito wote umelalia sehemu ileile ya tairi. Ndani ya mpira huchanganywa dawa za kuukinga dhidi ya ozoni, na dawa hizo hujitokeza usoni vizuri zaidi pale tairi linapozunguka na kukunjuka. Tairi lisilozunguka huzeeka upesi kuliko lile linalofanya kazi kila siku, na hapo ndipo macho ya fundi aliyezoea magari ya teksi yanapodanganyika.

Sasa tazameni hiki ninachokiinua mbele ya kamera. Ni kipande cha uso wa tairi, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na hizi nyuzi zinazochomoza pembeni ni waya za chuma. Kilitoka kwenye trela yangu ya kwanza, ile ya mizigo, tulipokuwa tumepita Luweero tukielekea Nakasongola. Tairi halikulia kishindo. Nilihisi mtikisiko mdogo kwenye usukani, nikaulaumu ubovu wa lami, nikaendelea kama kilomita nne hivi, mpaka mke wangu alipochungulia kioo cha upande wake na kuona kitu cheusi kinachapa madigadi kama mjeledi. Uso wa tairi ulikuwa umebanduka kwenye mwili wake, na kabla sijasimama ulikuwa umeshakata nyaya za taa na kuikunja bati ya madigadi. La kushangaza ni kwamba upepo ulikuwa bado umo ndani. Na hizi kashata, zitazameni kwa karibu, hazikuwa zimeisha hata nusu. Kilichokufa ni gundi iliyoushika mpira kwenye mikanda ya chuma, na gundi hiyo huliwa polepole na miaka, kisha joto humalizia.

Kwa hiyo cha kwanza kutazama ni umri, na umri umeandikwa. Kila tairi lenye herufi DOT (alama ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani) ubavuni lina mfululizo wa herufi na tarakimu, na nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwake: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kero ni kwamba mfululizo kamili hulazimika kuwepo upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi upande huo ndio unaotazama ekseli. Ndiyo maana shati langu limejaa vumbi; nimelala chali chini ya trela, nikafuta matope kwa kitambaa kilicholowa, nikasoma 2617. Yaani wiki ya 26 ya mwaka 2017. Tairi la pili ni hivyohivyo. Tairi la akiba, ambalo limekaa ndani ya kifuniko chake bila kugusa barabara hata siku moja, nalo ni 2617, na msidhani kwamba kukaa kivulini kumelifanya kijana. Limeepuka jua, halikuepuka miaka.

Michelin hushauri kwamba tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifikisha miaka kumi tangu lilipotengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Ushauri huo ni wa matairi kwa jumla. Kwa trela, wanaoishi na biashara hii hutaja miaka mitatu hadi sita, na mimi nimejiwekea sita. Haya yangu yamevuka minane.

Sogezeni macho hapa ubavuni. Nikibonyeza kwa kidole gumba, mistari midogo kama nyufa za chungu kikuukuu inafunguka. Nikipitisha ukucha, unakwama. Mistari inayoonekana tu bila kukamata ukucha isingenitisha sana, lakini inayokwama ukucha, na hasa ile iliyo kwenye mabonde kati ya kashata, ni habari nyingine. Nundu sijaiona; ningeiona ningefunga mjadala palepale, maana tairi lenye nundu halistahili hata kufika kwa fundi likiwa linazunguka. Na kwa jambo hili naomba mniwie radhi wapenzi wa mafuta ya kung'arisha matairi: baadhi yake yana mafuta ya petroli, huondoa zile dawa nilizozitaja na kuuacha mpira ukipasuka upesi chini ya weusi unaopendeza.

Hata hivyo, kilichoniamulia hasa ni mizani. Matairi yangu ni ST205/75R14 ya daraja C. ST maana yake ni kwamba yametengenezwa kwa trela, na ubavuni yameandikwa kuwa kila moja hubeba ratili 1,760, yaani kilo 798, likijazwa upepo wa presha ya psi 50. Kwa mawili ni kilo 1,596, na ekseli yangu ni ya ratili 3,500, sawa na kilo 1,588. Kwa karatasi mambo yamekaa sawa. Nikaivuta trela ikiwa imepakiwa kama tutakavyosafiri, isipokuwa madumu ya ziada ya maji, hadi kwenye mizani ya ghala la mahindi, nikaomba nipime gurudumu moja moja, jambo ambalo mwenye mizani aliliona la ajabu lakini akanikubalia. Kulia ilikuja kilo 660. Kushoto, ambako kuna jiko, betri na tangi la maji, ilikuja kilo 760.

Hebu tuihesabu pamoja. Tairi la kushoto, lenye umri wa miaka minane na nyufa zinazokamata ukucha, limebakiwa na nafasi ya kilo 38. Mke wangu hasafiri Karamoja bila madumu mawili ya ziada ya maji, ya lita 20 kila moja, na mahali pake pa siku zote ni chini ya jiko. Hizo ni kilo 40, ukiacha uzito wa madumu yenyewe. Kwa hiyo dumu la pili likishawekwa tu, tairi limeshapita kiwango chake kabla hatujatoka getini, na hilo ni tairi lililojazwa upepo barabara. Likipungua psi kumi bila wewe kujua, uwezo wake unashuka zaidi na ubavu unakunjika zaidi, na kukunjika huko ndiko kunakozalisha joto. Tangu siku hiyo madumu yamehamia upande wa kulia, na ningewashauri mfanye hivyo hata kama hamnunui tairi lolote mwaka huu.

Swali linalofuata ni la ununuzi. Matairi ya ST hayapatikani kirahisi katika maduka ya Kampala niliyoyazungukia. Goodyear Endurance, ambayo ilitoka mwaka 2017 na hutengenezwa Marekani, ningeichukua kama ningeikuta rafuni, lakini kuisubiri meli si mpango wa mtu anayeondoka wiki ijayo. Tuliyo nayo kwa wingi ni matairi ya C, yale yanayobeba kamunye, yaani teksi za abiria, na magari madogo ya mizigo (C hii ni ya magari ya biashara, si lile daraja C la matairi yangu), na katika hayo ipo saizi ya 195R14C. Kimo chake kinakaribia sana kile cha ST205/75R14, tofauti yake ni ya milimita chache, na likiwa na alama ya uwezo wa mzigo ya 106/104 hubeba kilo 950 kwa psi 65. Trela nyingi za kulala za Ulaya na Australia hutembelea saizi hiyohiyo, kwa hiyo sibuni kitu kipya hapa.

Wapo watakaoniambia kwamba herufi ST haziachwi, kwa kuwa ubavu wa ST ni mgumu na trela haiyumbi. Hoja hiyo ina uzito kwa trela ndefu yenye ekseli mbili inayokata kona kali, ambapo matairi huburutwa kwa ubavu. Kwa ekseli moja na trela fupi, tairi jipya la C lenye akiba kubwa ya uwezo ni salama kuliko ST kuukuu lisilo na akiba, na pia kuliko tairi la kawaida la gari dogo, ambalo sitaki kuliona kwenye trela ya kulala hata likiuzwa nusu bei. Lakini msikimbilie ile kilo 950. Nyuma ya rimu zangu imechapwa ratili 1,900, kama kilo 860 hivi, kwa hiyo rimu ndiyo mpaka wangu wa kila gurudumu, na ekseli inabaki palepale pa kilo 1,588. Kilichoongezeka ni nafasi ya tairi kupumua, mzigo hauongezwi.

Dukani nilienda na tochi yangu. Muuzaji alinitolea matairi matatu yenye vile vinyweleo vya mpira mpya, akaniambia, "Mzee, haya hayajawahi kugusa barabara." Alisema kweli. Mawili yalikuwa ya mwaka 2025, na la tatu lilikuwa la 2021, limekaa stoo kwa miaka minne. Nilimwomba anibadilishie, akanung'unika, akapanda ngazi, akarudi na jingine la 2025. Msione haya kuomba hivyo. Unaponunua tairi la trela unanunua miaka, na mtu hawezi kukuuzia miaka aliyokwisha kuitumia kwa bei ya mipya.

Wakati wa kufunga nimeagiza nozeli mpya za chuma, kwa kuwa nozeli za kawaida za mpira mwisho wake ni psi 65 na zilizokuwepo ni za umri uleule wa matairi. Nitajaza psi 60 asubuhi, kabla trela haijasogea. Jua la mchana likipanda, presha nayo itapanda, takriban psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto, na hapo nawasihi msitoe upepo wa tairi lenye moto, kwani jioni mtakuwa na tairi lililolegea. Nati nitazikaza kwa spana yenye kipimo, kisha nitazirudia tukifika Luweero. Kila tutakaposimama nitaweka kiganja kwenye tairi na kwenye kitovu cha gurudumu, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa na moto kuliko wa pili, nataka kujua sababu kabla ya kupita Karuma, maana baada ya Kitgum lami inaisha, murram inaanza, na tairi la saizi hii hulikuti dukani kila kituo.

Je, kuna mtu asiyehitaji kubadilisha? Yupo. Kama matairi yako hayajafikisha miaka mitano, ukucha haukwami, na mizani inakuonyesha akiba ya angalau asilimia kumi na tano kila upande, jaza upepo na uende. Na kama safari yako ni ya kushuka Entebbe Jumamosi, polepole, trela ikiwa nusu tupu, mimi ningeahirisha gharama. Kidepo, yenye zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa na joto la Karamoja mwishoni, haimo katika hesabu hiyo.

Limebaki la matairi ya zamani. Fundi wangu wa Ndeeba, yule aliyenicheka, ameniomba nimwachie, na najua yakitoka mikononi mwake yatakuwa chini ya trela ya mtu mwingine kabla ya mwezi kuisha, kashata nzuri na nyufa zimepakwa weusi. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kwanza nitayatoboa kwa kisu ubavuni, yeye akishuhudia, kisha atayapeleka kwa mshona lugabire, yaani ndala za matairi, kwa kuwa ubavu hauna zile waya za chuma na hukatika vizuri. Jozi ya kwanza ameniahidi mimi, namba 43.