Difyuza ipi ununue Mwanza kama shida yako ni vijidudu vya hewani

Muuzaji wa difyuza, yaani kifaa cha kusambaza mafuta ya mimea hewani, atakwambia mvuke wa mkaratusi unaua vijidudu. Hasemi uongo, ila majaribio mengi hufanyika ndani ya vyombo vilivyofungwa. Sebuleni kwako Nyegezi, mlango unafunguliwa kila mara, mvuke unaobaki hewani ni kidogo. Hivyo nimezipanga kwa kuangalia ipi inatoa mafuta mengi bila kuongeza uchafu.

Namba moja ni difyuza isiyotumia maji. Inapuliza mafuta matupu, yakiwa chembe ndogo mno. Inakunywa mafuta vibaya na ina kelele, lakini kwa kazi hii hakuna inayoifikia.

Namba mbili ni ile ya maji. Ni rahisi kuipata na haili mafuta. Ugomvi wangu nayo ni tangi: maji yakilala humo, kwenye kona panaanza utelezi, na kesho unapuliza vijidudu vile vile ulivyotaka kuviondoa. Mwaga kila ukimaliza, futa, acha wazi ikauke. Tena hewa ya ziwani ina unyevu wake. Chumba kisicho na dirisha kitaota kuvu ukutani.

Kauri ya mshumaa, kibakuli cha mafuta kinachopashwa moto na mshumaa, inakufaa umeme ukikatika, masizi uyavumilie. Vijiti vya chupani, vinavyonyonya mafuta na kuyatoa hewani polepole, ni harufu tu. Chetezo nakiweka mkiani, wapenda ubani mnisamehe: ule ni moshi, na moshi haujawahi kusaidia kifua cha mtu.

Hela zaidi weka kwenye mafuta. Tafuta jina la mmea kwenye lebo: Eucalyptus globulus kwa mkaratusi, Syzygium aromaticum kwa karafuu. Pasipo jina hilo, huenda unauziwa manukato. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Kesho yake likiacha doa la mafuta kama la chapati, huenda limechanganywa na mafuta mengine. Mdalasini uache, unakera koo na mapafu. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivutishwe mkaratusi, na mwenye paka asiguse mafuta ya mti wa chai (tea tree, si majani ya chai ya kunywa). Washa nusu saa, kisha fungua madirisha.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu, hela ya difyuza usiitoe. Fungua madirisha yanayotazamana upepo upite, na mgonjwa ameze dawa zake bila kuruka. Kituoni anazipata bure.