Ukaguzi wa Injini ya Camaro ya 1969: Kazi Nzuri, Ripoti Pungufu

Kabla sijalipia Chevrolet Camaro ya 1969, nilimwita mkaguzi wa magari ya kale anijibu swali moja tu: je, V8 ya 350 (injini ya silinda nane yenye ujazo wa inchi za ujazo 350) iliyokuwa chini ya boneti ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, kama muuzaji alivyoapa, au ni injini mbadala iliyofika baadaye ndani ya kreti?

Alianza vizuri. Alijua kwamba sehemu bapa yenye namba, iliyo mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, hufichwa na altaneta, hivyo akailegeza, kisha akafuta mafuta yaliyogandamana kwa kitambaa chenye thina, bila kugusa msasa. Hapo ndipo nilipomwamini, kwa sababu mashine ya kiwandani huacha mistari myembamba inayofuata urefu wa injini, na anayeisugua anaufuta ushahidi wenyewe. Mistari ilikuwepo. Juu yake tulisoma herufi CE, kisha tarakimu moja, "3", kisha namba ya mfululizo. Namba ya chasisi, ambayo injini ya 1969 ilipaswa kugongwa, haikuwepo kabisa. CE ni alama ambayo General Motors iliziwekea injini na bloku (miili mikuu ya injini) zilizotolewa kuchukua nafasi ya zilizoharibika.

Lawama yangu iko kwenye ripoti. Iliandika kwamba namba ya bloku, 3970010, "inalingana na gari", jambo ambalo ni kweli lakini linapotosha, kwa kuwa aina hiyo ya bloku iliendelea kutengenezwa miaka mingi ya sabini. Kinachoamua ni tarehe iliyotoka na kalibu, yaani ya siku bloku ilipomiminwa, nyuma ya bloku karibu na giaboksi, na picha yake haikuwemo. Nililala chini ya gari na tochi nikaisoma mwenyewe: F 12 3, yaani Juni 12, 1973. (Ingeishia na 9, ningebaki nikijiuliza kama ni 1969 au 1979.) Baadhi ya injini za kreti za miaka ya baadaye hazisumbui hivyo, kwani bloku zake zina maneno ya Kihispania "Hecho en México" (imetengenezwa Meksiko) yanayoonekana waziwazi.

Gari nililinunua, kwa bei ya gari lenye injini mbadala. Mkaguzi huyo nitamwita tena, ila safari hii picha ya tarehe ya kalibu itaandikwa kwenye makubaliano kabla hajashika spana.