Albamu ya piano kwa mazoezi ya pirueti: uzoefu wangu darasani Iringa

Nafundisha watoto baleti hapa Iringa, kwenye ukumbi wa kukodi Gangilonga. Piano hatuna, tunatumia simu na spika. Nilipoinunua mtandaoni albamu hii ya piano ya darasani, nilianza kukagua nyimbo za pirueti, yaani kuzunguka ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, maana hapo ndipo muziki usiofaa unapomyumbisha mtoto.

Waltzi zake, yaani nyimbo za mapigo matatu, ni nzuri mno. Nimeipenda zaidi ya pili: mkono wa kushoto unagusa besi kwa wepesi pigo la kwanza, la pili na la tatu yanampandisha mchezaji. Besi ikigongwa kwa nguvu, goti la mguu anaousimamia linalegea na mzunguko unaishia njiani. Wimbo una vipimo 32 (kipimo kimoja ni mapigo hayo matatu), kwa hiyo tunafanya 16 kulia na 16 kushoto, na kila baada ya vipimo 8 muziki unafunga waziwazi. Mtoto anasikia mwenyewe pa kutua, sina haja ya kupaza sauti nikihesabu.

Kilichonisumbua ni utangulizi. Nyimbo nyingi zina vipimo 2 tu kabla ya kuanza, wakati wanaojifunza wanahitaji 4 ili washushe mabega, wapange mikono na kutafuta kitu ukutani cha kukazia macho. Kasi nayo ni ya waliokwisha kubobea. Nimetumia Audacity, programu ya bure: nilinakili vipimo 4 vya mwisho, nikavibandika mwanzoni, kisha nikapunguza kasi kwa asilimia 10 bila kushusha sauti ya noti. Ukipunguza sana piano inaanza kutetemeka, usikie kwanza kabla ya kuhifadhi. Juni na Julai, baridi ya huku ikiwa imekaza misuli, toleo hilo la taratibu ndilo naanza nalo.

Ule wimbo wa fwete (mizunguko mfululizo kwa mguu mmoja, mwingine ukichapa hewani), wa mapigo mawili, nimeuweka kando. Fwete 32 alizocheza mchezaji Pierina Legnani kwenye baleti ya Swan Lake mwaka 1895 ni kazi ya waliokomaa. Nimeupunguza kasi, wanangu wanakatisha nao ukumbi kwa mizunguko midogo ya hatua kwa hatua, na wanaufurahia kweli.

Mwalimu asiye na mpiga piano, inunue. Na kama kuna kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya yenu, msikilizishe waltzi ya pili, aufuatilie ule mkono wa kushoto.