Onyesho la mseto au tamasha la bendi moja?

Tuanze na muda, maana hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Kwenye onyesho la mseto, mchekeshaji, mwandishi na bendi hugawana jukwaa, kila mmoja na dakika zake chache. Mchekeshaji hapotezi kitu. Mwandishi ndiye anayefaidi zaidi: ukumbi uliokwisha kucheka humsikiliza vizuri, wakiwemo watu ambao wasingekanyaga kwenye usomaji wa vitabu. Ila asome ukurasa mmoja au miwili, tena wenye mazungumzo. Sura nzima itawalaza.

Anayeumia ni mwanamuziki. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, mara nyingi huanza taratibu kwa uimbaji, kisha huja sebene, magitaa yakijibizana na watu wakiinuka kucheza. Ukiikata kabla ya hapo umewanyima wasikilizaji utamu wenyewe. Kwa muziki wa aina hii nachagua tamasha la bendi moja bila kusita.

Kora ni habari nyingine. Ala hii ina nyuzi 21 na mpigaji mmoja anatosha, kwa hiyo hakuna kupoteza nusu saa kupanga ngoma na vipaza sauti. Isitoshe, wapigaji wake wa jadi huko Afrika Magharibi ni wasimulizi pia. Hapo mseto unashinda.

Kiingilio kikiwa sawa, asiyemjua msanii yeyote aende kwenye mseto. Asipompenda huyu, anayefuata hakawii. Aliyekuja kwa ajili ya bendi tu atakuwa anatazama saa.