Mji gani wa kale Adriatic unastahili pesa yako? Anza na bei ya kilo

Malalamiko ya watu waliorudi kutoka pwani ya bahari ya Adriatic, Kroatia na Montenegro, yanafanana kama yamenakiliwa. Hakuna anayelalamikia makanisa wala ngome. Wanalalamikia bili: watu wawili, samaki mmoja wa kuchoma, saladi, maji, na karatasi inayosoma zaidi ya euro 100. Ubaya ni kwamba menyu haikuwadanganya. Iliandika bei ya kilo, wao wakaisoma kama bei ya sahani.

Kwa hiyo miji hii, Šibenik, Split, Zadar, Kotor na Dubrovnik, haijapangwa hapa kwa uzuri. Yote ni mizuri, na yote mitano ina kitu kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, basi hapo hakuna cha kushindanisha. Imepangwa kwa mambo mawili: ni kiasi gani unaona bila kukata tiketi, na ni rahisi kiasi gani kujua bei ya samaki kabla hajafika motoni. La pili ndilo linalowamaliza watu.

Kilo inavyokula pesa

Mikahawa ya Dalmatia, sehemu ya pwani ya Kroatia, huwagawa samaki kwa daraja. Daraja la kwanza ni brancin, orada, zubatac, škarpina na wenzao, na hawa huuzwa kwa uzito, mara nyingi kati ya euro 60 na 90 kwa kilo. Uzito unaolipia ni wa samaki mzima mbichi, pamoja na kichwa, mifupa na mapezi. Nyama inayofika mdomoni ni karibu nusu. Piga hesabu: samaki wa kilo 1.2 kwa euro 70 ni euro 84, nawe umekula kama gramu 600. Kilo ya nyama imekutoka kwa euro 140. Škarpina ni hasara zaidi, maana nusu ya umbo lake ni kichwa. Mchuzi wake mtamu kweli, lakini kumchoma ni kulipia mifupa.

Mtego wenyewe ni wa upole. Mhudumu analeta sinia lenye samaki wanne, anatabasamu, anauliza yupi. Mgeni ananyoosha kidole kwa mkubwa. Hakuna aliyetaja uzito, na ukiuliza baada ya kula, mizani imeshapita.

Fanya hivi. Uliza kwanza "Koliko je kilogram?", yaani kilo ni bei gani, hata kama imeandikwa. Chagua samaki mwenyewe. Kwa watu wawili gramu 700 hadi 800 zinatosha, kwani blitva, majani yanayofanana na spinachi yaliyochanganywa na viazi, yatajaza lililobaki. Kisha sema "Izvažite, molim", mpimeni tafadhali, na andika namba kwenye simu mbele yake. Mkahawa wa haki hautakasirika. Unaokasirika umekupunguzia kazi: inuka.

Swali la mwisho ni "Divlja ili iz uzgoja?", wa bahari au wa kufugwa. Macho na matamvua siyasemi, kila anayepika nyumbani anajua kuyaangalia, na samaki wa kufugwa naye huwa na macho maangavu. Angalia ukubwa. Orada wa vizimba hutolewa wakiwa na gramu 300 hadi 400, wanene, wanalingana kama mapacha. Sinia lote likiwa la mapacha, hao wamefugwa, na bei ya samaki wa bahari si yao. Siku ambazo upepo wa jugo au bura umevuma kwa nguvu, boti ndogo hazitoki; mkahawa wenye meza iliyojaa samaki "wa asubuhi hii" siku hiyo una maswali ya kujibu.

Škampi ni kamba wa kucha ndefu, nao huuzwa kwa kilo huku sehemu kubwa ikiwa gamba. Wapite. Ngisi wakija kama pete nyeupe zinazolingana, wametoka kwenye friza. Wa Adriatic huletwa mzima, mdogo, na ngozi yenye rangi.

Njia ya kutokea iko, na wenyeji wanaitumia kila wiki: plava riba, samaki wa buluu, yaani srdele (sadini), inćuni (anchovi) na skuša (makareli). Mara nyingi huuzwa kwa sahani, bei unaiona, na srdele hawafugwi, hivyo swali la mwisho linajijibu. Sahani ya srdele wa kuchoma kwenye gradele, yaani wavu wa makaa, kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, inamshinda orada wa kufugwa wa bei mara tatu. Anayebisha hajala wote wawili.

Kwa wasiotumia pombe: buzara (mchuzi wa kome au kamba), brudet (mchuzi wa samaki) na crni rižot, ule wali mweusi wa wino wa ngisi, kwa kawaida hutiwa divai. Pašticada ni nyama ya ng'ombe iliyolowekwa na kupikwa kwa divai, na mara nyingi huchomekwa vipande vya nguruwe ndani. Samaki wa gradele ndiye salama, ila uliza kama wavu ule ule umechoma soseji.

1. Šibenik

Huu ndio mji wangu na sitajifanya sina upande. Haukujengwa na Warumi wala Wagiriki, ni wa Wakroatia wenyewe, na meli kubwa za watalii haziumwagii maelfu ya watu kwa asubuhi moja kama Dubrovnik. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo lilijengwa kati ya 1431 na 1535 kwa mawe matupu, bila tofali wala mbao: mabamba ya paa yamefumwa moja ndani ya jingine kama kazi ya seremala. Juraj Dalmatinac, mjenzi na mchongaji, aliichukua kazi mwaka 1441, na ukutani nje akaanza kuchonga vichwa vya binadamu, 71, wenye masharubu, waliolala, waliokasirika. Vichwa hivyo viko nje. Unavitazama bure, usiku ukitaka. Ndani kuna kiingilio kidogo, nacho kinafaa kwa ajili ya chumba cha ubatizo peke yake.

Kwa ngome, chukua tiketi ya pamoja badala ya moja moja, na anza na Mtakatifu Mikaeli jioni, jua likiwa limelegea. Ngazi ni nyingi, viatu vya soli laini vitateleza. Kwenye chakula, agiza dagnje, kome wanaofugwa karibu, mto Krka unapokutana na bahari. Hapa kufugwa si aibu, kome wa maji haya wana utamu wa kipekee, na bei yao haihitaji kikokotoo.

2. Split

Kasri la Diocletian, mfalme wa Roma, lililokamilika karibu mwaka 305, si jumba la makumbusho. Ni mtaa: watu wanaishi ndani, wameanika nguo juu ya nguzo. Ndiyo maana sehemu kubwa haina lango la tiketi. Njia ya chini kutoka Riva, barabara ya ufukweni, hadi uwanja wa Peristil ni bure. Wanaotoza ni vyumba vya chini vya pembeni. Kanisa kuu lilikuwa kaburi la Diocletian, mtesaji wa Wakristo, na tiketi zake huuzwa kwa rangi, kila rangi na sehemu zake. Chukua ile yenye mnara wa kengele, au usichukue kabisa. Pale Peristil amelala sfinksi, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, wa jiwe jeusi, aliyeletwa kutoka Misri, mwenye umri mkubwa kuliko kasri lenyewe kwa zaidi ya miaka 1,500. Wengi humpita wakitafuta mahali pa kupiga picha.

Split inapanda nafasi kwa sababu ya soko la samaki, Peškarija, katikati ya mji. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, soma bei za kilo kwenye vibao, kisha ndipo ukasome menyu za Riva. Hakuna somo bora la uchumi. Neno la kutafuta ubaoni ni marenda: chakula cha wafanyakazi cha kati ya asubuhi na mchana, sahani moja, bei moja, huisha mapema. Soko la mboga la Pazar, nyuma ya ukuta wa mashariki, huuza soparnik, mkate mwembamba uliojazwa blitva. Peka, pweza au nyama chini ya kifuniko cha makaa, lazima iagizwe saa kadhaa kabla. Ikija baada ya dakika 20, imepashwa moto.

3. Zadar

Kwa macho, ndio mji wa bei nafuu kuliko yote. Uwanja wa Kirumi uko wazi, na kinanda cha bahari cha Nikola Bašić, kilichofunguliwa 2005, kina mabomba 35 chini ya ngazi za mita 70. Mawimbi hukipiga bure mchana na usiku.  Kwa chakula, mji hauna kisa cha kusimulia, isipokuwa jibini la kisiwa cha Pag. Omba gramu 100, si "sahani ya jibini".

4. Kotor

Iko Montenegro, na euro ndiyo pesa yao ingawa hawamo kwenye Umoja wa Ulaya. Ngazi za ngomeni ni karibu 1,350, bila kivuli; panda alfajiri. Wenye pasipoti za Afrika Mashariki wakumbuke: Kroatia iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, tarehe 1 Januari 2023, Montenegro haimo. Ukitoka Dubrovnik kwenda Kotor kwa siku moja umeitoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haikurudishi. Kutoka Split hadi Dubrovnik kero hiyo imekwisha tangu daraja la Pelješac lilipofunguliwa Julai 2022. Zamani barabara ilipita Neum, ndani ya Bosnia.

5. Dubrovnik

Kuta zake, mita 1,940, hazina mpinzani, na wanalijua hilo. Tiketi ya kuta ilikuwa euro 35 mwaka 2024, na Dubrovnik Pass ya siku moja ilikuwa euro 35 hizo hizo, ikiwa na kuta, makumbusho na basi. Kununua tiketi ya kuta peke yake ni kuwazawadia. Ingia asubuhi mlango ukifunguliwa, kwa upande wa lango la Ploče. Foleni ya lango la Pile ni ndefu. Jaza chupa kwenye chemchemi ya Onofrio, kazi ya 1438, maji yake yanayweka, na juu ya ukuta kiu huuzwa ghali. Miezi ya baridi bei ya kuta hushuka sana.

Kula nje ya kuta. Ndani, kilo huanzia pale Šibenik inapoishia.

Wa bajeti ndogo: burek, andazi la tabaka lililojazwa nyama au jibini, kwenye pekara, duka la mikate, asubuhi ikiwa moto. Basi.

Kuna vijitozo vingine. "Couvert" au mkate usioagizwa huonekana kwenye bili kwa kila kichwa. Urudishe mkate kabla hujaugusa. Mashine za pesa za mitaa ya kale hukuuliza kama ubadilishiwe kwa sarafu ya kadi yako: kataa, chagua euro. Na bili iliyoandikwa kwa kalamu si bili. Tangu 2013 risiti ya Kroatia lazima iwe na namba ya JIR iliyotolewa na mamlaka ya kodi. Ukiiomba kwa jina hilo, "račun s JIR-om", uzito wa samaki una tabia ya kupungua ghafla.