Eti sanduku la posta si anwani ya kweli

"Tafadhali weka anwani ya kweli." Sentensi hiyo ndiyo iliyonihamisha kutoka jukwaa nililokuwa nalitumia kutuma barua pepe zangu kwenda jingine. Si bei, si intaneti mbovu, si uchovu. Ni sentensi moja ya mtu wa huduma kwa wateja ambaye naamini hajawahi hata kupita kwa ndege juu ya Kilimanjaro. Anwani niliyokuwa nimempa ni S.L.P. ya Moshi ambayo marehemu baba aliilipia posta mwaka hadi mwaka tangu mimi sijazaliwa. Ndiyo iliyoniletea barua ya kuitwa sekondari. Ufunguo wake mpaka leo nautunza pamoja na wa nyumba. Hiyo ndiyo ya uongo!

Ngoja nieleze kabla sijachemka tena.

Kila Jumapili huandika barua na kuituma kwa barua pepe kwa watu wa huku waliotawanyika: Dar, Mwanza, Nairobi, wengine Uingereza na Marekani. Si biashara. Hakuna tangazo, hakuna anayelipa. Nawaandikia ndizi zimeuzwaje Mbuyuni, mfereji gani umekauka, miche ya kahawa pale TaCRI Lyamungo, kituo cha utafiti wa kahawa, inapatikana lini, nani katutoka, barabara ipi ya kupanda migombani imekatwa na mvua. Barua iliyoleta majibu mengi kuliko zote ni ile ya treni ya abiria ya Dar na Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kupotea kwa zaidi ya miaka 20. Watu wazima walinijibu wakisema wamelia. Kwa hiyo mtu akiniambia hiki ni kijarida tu cha kupotezea muda, huwa simjibu.

Jukwaa la zamani sitalitaja, wao wenyewe wanajijua. Mwanzoni lilinifaa. Baadaye likaanza kunenepa. Kila nikifungua nakuta kitu kipya: maboksi ya picha ya kuburuta, grafu za nani kafungua barua saa ngapi, roboti ya kunitungia kichwa cha barua. Mimi grafu ya nini? Ninayemwandikia namjua, na asipofungua barua najua anaumwa. Bili inakuja kwa dola, shilingi ikiyumba hasara ni yangu. Hata waliokwisha kujitoa kwenye orodha walikuwa wanahesabiwa humo ndani kama vile bado wapo. Yote hayo niliyavumilia, maana kuhama ni kazi na mimi si mtu wa kompyuta.

Sasa sikilizeni la anwani. Marekani wana sheria ya mwaka 2003, inaitwa CAN-SPAM, inayotaka kila barua pepe ya biashara iwe na anwani ya posta ya mtumaji. Barua yangu si ya biashara, lakini majukwaa mengi yako Marekani, kwa hiyo hayachagui: ukituma nao, anwani yako lazima ikae pale chini kabisa. Sina ugomvi na sheria hiyo, matapeli wapo. Na sheria yenyewe inakubali sanduku la posta, ilimradi liwe limesajiliwa na posta yao ya Marekani. La kwetu halimo. Ila kwa miaka yote hiyo S.L.P. yangu ilikaa pale chini na hakuna aliyehoji, mpaka siku moja walipoamua "kuboresha" fomu yao.

Baada ya maboresho hayo, mashine ikataka mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Nikiandika S.L.P. inawaka nyekundu. Nikiandika kwa Kiingereza chao, nyekundu tena. Halafu akaunti ikafungiwa kutuma, lakini kukata pesa kwenye kadi haikufungiwa, mashallah. Na haya yalitokea Desemba ikianza.

Wachaga mnajua Desemba ni nini. Ndiyo barua ambayo watu wanaisubiri mwaka mzima: nauli za mabasi zikoje, foleni ya Njia Panda ya Himo inaanza saa ngapi, mbuzi bei gani, kule kwetu juu gari dogo linafika au utembee. Mtu anapanga safari ya familia kwa barua ile. Na mimi nimekaa nayo imeandikwa tayari, haitoki.

Nikaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja. Nikazungushwa na roboti weee, mwisho akaja binadamu. Nikamsalimia, hakuitikia. Nikamweleza kwamba huku kwetu barua hazikuwa zinapelekwa majumbani, mtu alikodi sanduku posta, na hata leo ofisi, shule na kanisa zinaandika S.L.P. Ndipo akanijibu ile ya anwani ya kweli. Kisha akaongeza: nitume bili ya umeme yenye jina langu.

Bili ya umeme! Nikamwambia umeme tunanunua kwa LUKU, unalipa kwenye simu, inakuja SMS yenye tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, basi. Hakuna karatasi. Akasema picha ya SMS haikubaliki kwa kuwa haina anwani. Nikamuuliza, sasa anwani nitaitoa wapi wakati niliyonayo umeikataa? Kimya kirefu. Kisha akaniuliza kama kuna lingine anaweza kunisaidia leo, akaweka na kile kikatuni cha kutabasamu.

Lingine! Kwani la kwanza umenisaidia?

Kuna msomaji hapa atasema mbona namba za nyumba tunazo. Ni kweli, ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilibandika vibao, na changu kipo mlangoni, na postikodi za Kilimanjaro zinaanza na 25 kama ilivyo. Lakini mimi naishi na mama mzee tu, na kila Jumapili asubuhi wanaonisoma wanajua niko ibadani. Niwaandikie watu mia kadhaa, wengine nisiowajua sura, mtaa wangu na namba ya mlango? Sanduku ndiyo maana likawepo. Na hata ningekubali, bado alitaka karatasi ya kuthibitisha, na karatasi ndiyo hiyo hakuna.

Kijana wa stesheneri karibu na Double Road ndiye aliyenituliza. Akaniambia, "Mama, usigombane nao kwanza. Pakua majina yako." Nikamwambia, "Haya mwanangu, fanya." Kumbe kitufe cha kupakua orodha kilikuwa bado kinafanya kazi hata akaunti ikiwa imefungiwa. Likatoka faili moja la CSV: jina, barua pepe, tarehe ya kujiandikisha. Kazi yangu ya miaka yote, faili dogo kuliko picha moja ya simu. Hapo nilipata nguvu kidogo.

Jukwaa jipya nalo silitaji, kwa sababu bado sijaamua kama nalisifu. Ni la watu wachache. Ukifungua unakuta ukurasa mweupe na sehemu ya kuandika, hakuna kingine. Herufi nene unaweka kwa vinyota pembeni ya neno, huo mtindo wa Markdown uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, na mtu ukishauzoea unaandika mpaka mwisho bila kugusa kipanya. Nilipopandisha orodha waliniuliza watu hawa nimewapataje. Nikajibu kwa ukweli: kwenye daftari, msibani, harusini, kanisani, mtu anaandika barua pepe yake mwenyewe. Nikajiandaa kwa vita.

Akanijibu mtu, kwa jina lake, na kwa adabu. Akauliza S.L.P. ni nini, nikamweleza. Akasema, basi kama hutaki kuweka yako, tumia ya kwetu, tutaiweka chini ya barua zako. Yaani jambo lililonifungia Desemba nzima limekwisha kwa mistari miwili! Nilimsomea mama ujumbe ule kwa Kichaga, akasema huyo amelelewa. Siku ile ningeliandikia jukwaa hili sifa tupu, ningemaliza hapa.

Bahati mbaya sikuandika siku ile.

Barua ya kwanza ikatoka. Jumatatu simu zikaanza. Shangazi yangu wa Temeke, mwenye umri wa kuheshimiwa, akapiga: "Mwanangu, nimekukosea nini?" Barua imeangukia kwenye spamu, kule zinakotupwa barua zinazoshukiwa, na yeye spamu hajui ni mlango upi. Na si yeye tu. Nilikuwa natuma kwa jina la anwani yangu ya Gmail, na Google tangu Februari 2024 wamekaza: anayetuma kupitia mtambo mwingine huku akijiita mtu wa Gmail wanamtilia shaka. Dawa ni kuwa na domeni yako, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni, na kuweka rekodi zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba mtambo huo umeuruhusu wewe. Hili lingeandikwa kwa maandishi makubwa siku ya kwanza, jamani. Limeandikwa, ndiyo, ndani kabisa, kwa lugha ya mafundi. Urahisi gani huo unaohitaji fundi? Nikanunua domeni ya .co.tz, kijana wa stesheneri akahangaika na zile rekodi huku umeme ukikatika, na nikamlipa kwa haki. Tangu hapo nyingi zinafika, lakini kuna waliozoea kimya na hawajarudi.

Pia jedwali la bei za ndizi limekataa kabisa kukaa sawa kwenye huo ukurasa mweupe. Ndizi mshale na ndizi ng'ombe zinagongana. Nimeacha, naandika bei kwa sentensi.

Wengi wameniuliza kwa nini sikwenda Substack, jukwaa jingine la barua kama hizi, maana ni bure na inajulikana. Wao hula asilimia 10 ya kile wasomaji wanacholipa, sawa, lakini malipo hayo yanapita Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa aliyeko Tanzania. Kwa asiyetoza hilo halina neno. Mimi nilichoogopa ni kwamba kila ukigeuka wanamwambia msomaji afuate na fulani na fulani. Shangazi angepotea humo moja kwa moja.

Na hofu nyingine ipo, ndiyo inayonizuia kusema hameni wote. Vitu vyepesi huwa vinanunuliwa. TinyLetter, nayo ya kutumia barua, ilikuwa nyepesi hivi hivi, kampuni kubwa ya Mailchimp wakainunua mwaka 2011, na Februari 2024 wakaifunga, watu wakaambiwa wabebe orodha zao waondoke. Huyu bwana mwenye adabu siku akiuza, mnunuzi naye atauliza bili ya umeme? Kwa hiyo faili la majina nalipakua kila mwisho wa mwezi, naliweka kwenye flashi, na flashi iko kabatini kwa mama.

Je, ninalipendekeza? Kwa mwandishi wa peke yake asiyetaka grafu, ndiyo. Kama huna wa kukuwekea zile rekodi, hapana, subiri kwanza umpate. Nikikumbuka chati ile ya Desemba, hiyo "ndiyo" yangu inakuwa kubwa. Nikikumbuka sauti ya shangazi, sijui.

La zamani nimeliandikia wanirudishie pesa walizokata mwezi ule walionifungia. Wamejibu kwamba ili washughulikie marejesho, nithibitishe kwanza anwani yangu.