Kumtafuta Vavô: uzoefu wangu na vitabu vya parokia vya visiwa vya Azores

Mama mkwe wangu anayo picha moja tu ya babu yake. Kijana amesimama, kofia mkononi, nyuma yake pazia la studio lililochorwa nguzo. Ukiigeuza, mtu ameandika kwa penseli neno moja: Fayal. Mama humwita Vavô, kama watu wenye asili ya Azores, visiwa vya Ureno vilivyo katika bahari ya Atlantiki, wa huku New Bedford, Marekani, wanavyowaita babu zao. Katika miaka 11 tangu niolewe kwao sikuwahi kusikia zaidi ya mambo matatu juu yake: alitoka Fayal, kimojawapo cha visiwa hivyo, alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, na jina lake la ukoo la asili halikuwa Perry, alilojulikana nalo huku.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukimkalisha bibi mkekani ukamuuliza nasaba, anakutajia baba, babu, na baba wa babu bila kupumua. Kumwona mama wa miaka 79 hajui babu yake alizaliwa kijiji gani kuliniuma, hasa kwa kuwa alimwona kwa macho yake. Ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda kununua mkate. Nikamwahidi nitamtafutia kabla hajatimiza 80. Nimetumia miezi saba. Naandika haya kwa yeyote mwenye mzee wa Kireno katika familia, awe ameoa, ameolewa au amezaliwa humo.

Nilianza vibaya. Nilijiunga na tovuti moja ya kulipia, ambayo sitaitaja, kwa ada ya miezi sita iliyozidi dola 100. Ndani ya saa moja nilikuwa na mti wa ukoo uliorudi nyuma hadi miaka ya 1700. Nilifurahi mno, na mama akampigia simu dada yake. Kumbe tovuti ilikuwa inanipa vidokezo vilivyotoka kwenye miti ya wanachama wengine, nami nilikuwa nakubali kila kimoja bila kufungua waraka wenyewe. Wiki mbili baadaye ndipo nilipofungua cheti cha kifo cha yule "babu" wetu: alizaliwa São Miguel, kisiwa kingine cha Azores, akafa Fall River mwaka 1918, mwaka wa homa kubwa ya mafua. Vavô alifariki mwaka 1961. Ilinibidi nimwambie mama kwamba tulikuwa tumemlilia mtu asiye wetu. Ada nayo ilikatwa tena kwenye kadi yangu miezi sita ilipokwisha, kwa kuwa sikujua kwamba inajirudia yenyewe.

Baada ya hapo nikaenda FamilySearch, tovuti nyingine ya nasaba. Ni ya bure kabisa, unafungua akaunti tu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilianzisha chama chake cha nasaba huko Utah mwaka 1894, na kwa miongo mingi limekuwa likipiga picha nyaraka duniani kote. Nyingi zinafunguka hapo ulipo. Nyingine zinafunguka ukiwa kwenye kituo chao au kwenye maktaba inayoshirikiana nao tu, kwa hiyo ukiona alama ya kufuli usikate tamaa, uliza maktaba ya mji wako.

Kabla hujaandika jina lolote kwenye kisanduku cha kutafuta, fahamu kwamba Mreno aliyefika Marekani mara nyingi hakubaki na jina lake. Pereira aligeuka Perry, Rodrigues akawa Rogers, Silva akawa Sylvia, Oliveira akawa Oliver. Wengine jina lilitafsiriwa: Reis akawa King, Carvalho akawa Oak. Kwa hiyo Perry wetu nilimtafuta kama Pereira, kama Perreira, kama Perera, na kila mchanganyiko ambao karani asiyejua Kireno angeweza kuusikia. Sensa ya 1920 ikanipa ya kwanza ya uhakika: nyumba ileile ambayo mama anaikumbuka, majina ya watoto yaleyale, na mwaka wa kuingia Marekani, 1912. Mahali pa kuzaliwa: Azores. Basi. Visiwa vyenyewe ni tisa.

Kadi yake ya kuandikishwa jeshini ya Juni 1917 ina swali la mahali pa kuzaliwa. Jibu lake: Fayal. Sawa na kwenye picha. Nikaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Faial, kama Wareno wanavyoandika, ina parokia 13. Nilikaa na vitabu vya ubatizo vya mwaka 1888, 1889 na 1890 vya parokia hizo, usiku baada ya watoto kulala, karibu miezi miwili. Nilipata akina Pereira wa kutosha, lakini hakuna aliyelingana naye kwa tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yake mzazi.

Kilichofungua mlango ni orodha ya abiria wa meli, na hapa ndipo ningependa msomaji wangu atulie. Tangu mwaka 1907 orodha hizi zilikuwa na kurasa mbili kwa kila kundi la abiria. Wengi wetu tunaona ukurasa wa kushoto wenye jina, umri na kazi, tunahifadhi picha, tunaondoka. Ukurasa wa kulia, ambao kwenye mtandao huwa ni picha inayofuata, ndio wenye utajiri: abiria anakwenda kwa nani, urefu wake, rangi ya macho, na mwisho kabisa nchi na mji aliozaliwa. Jina la ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani nalo limo humo kwenye orodha. Vavô alikuja kwa meli ya kampuni ya Fabre iliyotia nanga Providence mwaka 1912. Ukurasa wa kushoto nilikuwa nao tangu wiki ya pili. Wa kulia sikuufungua hadi mwezi wa tano.

Kwenye safu ya mwisho palikuwa na neno lililoandikwa haraka haraka, na faharasa ya tovuti ililiacha tupu. Nililisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Bandeiras.

Mtu wa pwani hahitaji kamusi hapo. Ni bendera. Neno hilo tulilichukua kwa Wareno wenyewe, pamoja na meza, leso, kopo na karata. Lakini kijiji kinaitwaje Bendera? Nikatafuta ramani, na kweli Bandeiras ni parokia, ila haiko Faial. Iko kisiwa cha Pico, ng'ambo ya mlango wa bahari wenye upana wa kama kilomita 8, chini ya mlima wa mita 2,351 ambao ndio mrefu kuliko yote Ureno.

Hapo mambo yote yakajipanga. Pico wakati ule ilikuwa chini ya wilaya ya Horta, na Horta ndiyo bandari ya Faial. Mtu wa Pico alivuka kwa mashua, akachukua hati ya kusafiria Horta, akapanda meli Horta. Alipoulizwa katoka wapi, akataja bandari. Ni kama mtu wa Lamu aliyepandia chombo Mombasa, akifika ugenini akaitwa wa Mombasa, naye akanyamaza. Nimezungumza na familia tatu hapa mjini ambazo "Fayal" yao imegeuka kuwa Pico. Kama nyaraka zako zinasema Faial na humwoni mtu wako, vuka maji.

Sasa nifike kwenye huduma niliyokusudia kuisifu. Serikali ya visiwa vya Azores imeweka mtandaoni, kupitia Centro de Conhecimento dos Açores, vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo vya parokia za visiwa vyote. Ni bure na havitaki usajili. Unachagua kisiwa, kisha wilaya ndogo ambayo wao huiita concelho, kisha parokia, kisha aina ya kitabu na mwaka. Huwezi kutafuta kwa jina. Unafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, na ndiyo maana nasisitiza kujua parokia kwanza. Kwa Ureno bara ipo tovuti ya Tombo inayokuonyesha kila parokia vitabu vyake viko kwenye hifadhi gani ya nyaraka. Vitabu hivi vinafika 1911, mwaka ambao serikali ya jamhuri ilifanya uandikishaji wa kiraia kuwa wa lazima. Waliozaliwa baada ya hapo wako kwenye ofisi za uandikishaji, na kumbukumbu za uzazi huhamishiwa hifadhi zikitimiza miaka 100.

Nilimpata siku ya tatu, kwenye kitabu cha 1889. Jina lake pembeni, na chini yake maandishi ya padri yanayojaza karibu ukurasa mzima. Kuanzia mwaka 1860 mapadri wa Ureno walifuata mtindo mmoja wa kuandika, na mtindo huo ni zawadi: mtoto, siku na saa aliyozaliwa, wazazi na walikotoka, kazi ya baba, kisha babu na bibi wa pande zote mbili, kisha wasimamizi wa ubatizo. Waraka mmoja, vizazi vitatu. Kila andiko linataja "egreja parochial", yaani kanisa la parokia, na neno egreja ndilo lililotupa sisi gereza. Linatajwa mara nyingi kiasi kwamba sasa kila nikisikia gereza huona kanisa. Mwishoni padri ameandika kwamba msimamizi wa kike hakutia sahihi "por não saber escrever", kwa kutojua kuandika. Nilipomsomea mama mstari huo alilia kuliko alivyolia kwa majina. Alisema bibi yake naye alikuwa anatia alama ya msalaba.

Kuna mambo mawili yaliyonitesa kwenye mwandiko. La kwanza ni vifupisho vya miezi. Nilisoma "7bro" nikaandika Julai, kwa kuwa mwezi wa saba ni Julai. Sivyo. Saba kwa Kireno ni sete, kwa hiyo 7bro ni setembro, yaani Septemba. 8bro ni Oktoba, 9bro Novemba, na Xbro Desemba. Kosa hilo lilinifanya niikatae ndoa iliyokuwa sahihi, kwa kudhani mtoto alizaliwa kabla ya harusi. Majina ya Maria, Francisco na António nayo hukatwa, herufi za mwisho zikapandishwa juu. Ukishayazoea unayaona kwa mbali.

La pili ni wanawake. Mwanamke wa Azores hakulazimika kuchukua jina la mume, na wengi hawakuwa hata na jina la ukoo la baba. Walibeba jina la ibada: de Jesus, da Conceição, do Espírito Santo. Mama yake Vavô anaitwa de Jesus kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza na da Conceição kwenye wa tatu. Nilidhani baba alifiwa akaoa tena. Ni mwanamke yuleyule. Majina ya wazazi wake hayabadiliki kokote. Tangu hapo simfuati mwanamke kwa jina lake, namfuata kwa wazazi wake.

Kabla ya 1860 maandiko yanakuwa mafupi na ubatizo hautaji babu na bibi kila mara. Hapo tegemea ndoa, zinazotaja wazazi wa bwana na wa bibi harusi. Kwa njia hiyo nilirudi hadi bibi yake Vavô, aliyebatizwa mwaka 1828. Alikuwa mama wa watoto wadogo ugonjwa wa ukungu ulipoangamiza mizabibu ya Pico miaka ya 1850, na kisiwa kile kiliishi kwa mvinyo. Nilipoona hivyo nilielewa kwa nini vijana walikimbilia merikebu za kuwinda nyangumi za New Bedford zilizopita Horta kuajiri mabaharia. Niliwaandikia wanangu kwenye karatasi: yeye, mtoto wake, mjukuu ambaye ni Vavô, kitukuu, kilembwe ambaye ni bibi yenu, kilembwekeza ambaye ni baba yenu, na ninyi vining'ina. Mkubwa aliniomba niandike na kwa Kireno. Nikamwambia Kireno hakina maneno mazuri kama haya, na ninaamini hivyo.

Kama unaniuliza nini cha kulipia, jibu langu ni hakuna, angalau mpaka umeshika jina la parokia. Tafuta orodha ya abiria, kurasa zote mbili. Ukikosa, tafuta faili la uraia: baada ya 1906 ombi la uraia la Marekani linataja mahali pa kuzaliwa na meli, na kwa huku New England mengi yako tawi la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lililoko Waltham. Vitabu vya Azores navipa nyota tano. FamilySearch nne, kwa zile picha za kufuli.

Mama alitimiza 80 mwezi uliopita. Tulichapisha ule ukurasa wa 1889 mkubwa, tukauweka mezani kando ya mkate wa massa sovada, na wajukuu wakapokezana kidole juu ya jina. Yeye aliona jambo ambalo mimi nililipita: kwenye ndoa ya wazazi wa Vavô, ya mwaka 1887, bwana harusi ameandikwa ni mzaliwa wa Topo, kisiwa cha São Jorge. "Basi hatujafika," akaniambia. Tangu Jumapili anakuja na kioo chake cha kukuzia, tunakaa pamoja kwenye kompyuta. Padri wa Topo ana mwandiko mgumu, na tuko ukurasa wa 40.